Elfu Kumi na Mbili

Hela ya korosho ilikuja Novemba na kelele zake,
ikaezeka nyumba, ikachimba choo,
ikalipa deni dukani kwa Chilumba,
ikaondoka bila kuaga.
Aprili imenikuta na elfu kumi na mbili
nimezifunga kwenye pindo la khanga,
na Pasaka hiyo, inabisha hodi.

Nimeketi na Fidea. Yeye ndiye mwenye kalamu.
Mchele kilo na nusu, elfu nne.
Nazi mbili, elfu moja na mia tano.
Soda ile chupa kubwa, elfu mbili.
Sadaka, watoto watatu, mia tano mia tano.
"Imebaki elfu tatu, mama,"
na jicho lake limeshafika kwenye viatu.
Hiyo, mwanangu, ni ya Jumanne.
Jumanne nayo ina tumbo.

Kanisio hakutaka viatu. Alitaka bahari.
Mwenzake wa darasa la tatu alipelekwa Mtwara,
akarudi Newala na kichupa cha maji ya chumvi,
anawaonjesha wenziwe,
tone moja kwa penseli moja.
Nauli ya watu watano, kwenda na kurudi:
hata sikumpa Fidea aiandike.

Usiku wa kuamkia Jumapili ikashuka mvua.
Huku kwetu juu maji tunanunua kwa ndoo,
basi nililala nasikiliza bati likinihesabia pesa,
ndoo, beseni, sufuria,
hata kile chungu chenye ufa nilikitoa nje.
Asubuhi tukaoga kama matajiri.

Gauni la Fidea ni lile la Krismasi, nimelifumua pindo.
Pale lilipokunjwa pamebaki mstari wa rangi ya zamani;
nikaushonea utepe. Nani atajua?
Mama Editha wa kwaya alijua.
Akanikonyeza katikati ya Aleluya:
gauni la mwanawe nalo lina utepe.

Jumatatu, saa kumi na mbili, Ladislausi karudi lindoni,
macho mekundu, tochi ya ghala bado mkononi.
"Vaeni," akasema, "tunakwenda baharini."
Mimi nikashika pindo la khanga.
Elfu tatu zilikuwepo.

Tukaenda kwa miguu mpaka Shimo la Mungu,
wali wa jana kwenye hotpoti,
mahindi ya kuchemsha, chumvi kwenye karatasi,
Tekla mabegani kwa baba yake anauliza
samaki wanalala saa ngapi.

Ukungu ulikuwa umelijaza shimo mpaka ukingoni.
Mweupe. Unavimba, unanywea,
unakuja kugusa majani miguuni petu na kurudi.
Upande wa Ruvuma hakukuonekana mti wala kilima.
"Hiyo hapo," akasema Ladislausi.

Kanisio kimya.
Nikajua sasa analia, na sina cha kumpa.
Tekla akatoa ulimi, akaulamba upepo.
"Haina chumvi."
Fidea akafungua karatasi,
akachota kidogo, akarusha kule chini.
"Onja tena."
"Sasa imekolea."
Kanisio akajizuia, akajizuia, akacheka.

Soda tuliinywa kwa kifuniko,
vifuniko kumi kila mtu, na Fidea akisimamia,
Tekla akadai kumi na moja kwa sababu alimwaga kimoja.
Chupa ilipokwisha Kanisio akaichukua,
akainama pale ukingoni nimemshika shati,
akaizungusha ndani ya ule weupe
akaifunga kwa nguvu zake zote.

Saa nne jua likatoka na bahari ikapanda mbinguni.
Chini pakabaki mashamba, mabati mawili matatu,
mtu na baiskeli yake.
Hatukuwa na haraka. Ladislausi alikwishalala kwenye nyasi,
mdomo wazi, tochi inawaka mchana kweupe.

Leo Jumanne. Unga nimenunua.
Ile chupa iko dirishani, na ndani yake,
naapa, limejikusanya tone.
Mwenyewe anaizunguka tangu alfajiri,
hajaamua atalitoa kwa penseli ngapi.